Unyoya wa Rangi Mbili

Kadiri alikuwa fundi cherehani katika mji wa Gisenyi. Alishona kwenye baraza ya duka la Bwana Yani, Mgiriki aliyenunua kahawa na ngozi. Cherehani ilikuwa mali ya duka. Kila asubuhi Kadiri alifagia baraza, akaitia mashine mafuta, kisha akatazama upande wa ziwa kuona kama mvua inakuja. Nguo za watu zikilowa, lawama ni ya fundi.

Mwaka ule wa 1956 aliongezewa kazi nyingine. Kabla ya kutoka nyumbani kwake mtaa wa Majengo, alifunua kitambaa kilichofunika tundu moja la waya na kumtazama ndege aliyekuwa ndani.

Ndege yule alikuwa kanari. Umbo lake lilikuwa dogo kama la shomoro, na rangi yake njano kama kiini cha yai. Mwenyewe alikuwa Madamu Eleni, mke wa Bwana Yani. Mwezi wa tatu Madamu alisafiri kwenda Ulaya kutibiwa macho. Mumewe hakukaa nyumbani. Siku nyingi alikuwa ndani ya lori, akizunguka milimani kukusanya kahawa. Kwa hiyo Madamu alimleta ndege kwa fundi.

"Wewe una mkono mtulivu," alimwambia Kadiri. Kisha akamgeukia Mwamini, mke wa Kadiri, akampa kopo la mbegu. "Mbegu kila siku. Jani bichi kila siku. Kiini cha yai mara mbili kwa juma. Umesikia, Mama Zubeda?"

"Nimesikia, Madamu."

Mwamini alisikia kweli. Lakini Mwamini alikuwa na sheria zake za kumpokea mgeni. Kwao, mgeni hapewi majani. Ugali na mboga ni chakula cha wenye nyumba. Mgeni hupikiwa wali, na mchele wake huoshwa mpaka maji yawe meupe pe.

Mwezi wa nne kopo la mbegu liliingia fukusi. Mwamini alilimwaga. Akaanza kumpa ndege chenga za mchele, alizoziosha mara tatu, pamoja na ulezi kidogo. Majani aliyaacha, kwa sababu siku moja choo cha ndege kilikuwa cha kijani, naye akaogopa. Yai hakumpa hata mara moja.

"Ndege kula yai ni kama kula mwanawe," alisema. "Siwezi kumfanyia mgeni wa watu jambo hilo."

Kadiri hakuuliza. Ndege alikuwa akila, na asubuhi alikuwa akiimba.

Mwezi wa sita ndege alianza kunyonyoka. Manyoya ya njano yalianguka chini ya tundu, leo matatu, kesho kumi. Kadiri aliingiwa na hofu. Mwamini akamtuliza.

"Hata kuku hunyonyoka, Baba Zubeda. Mengine yataota."

Mengine yaliota. Mwisho wa mwezi wa saba ndege alikuwa amevaa upya mwili mzima. Lakini kanari wa njano hakuwapo tena. Ndani ya tundu alisimama ndege mweupe, mweupe wa kufifia, kama chenga za mchele alizokuwa akila.

Kadiri alimtazama muda mrefu.

"Huyu ni yule yule?" aliuliza, ingawa alijua jibu.

"Kwani kuna mtu ameingia hapa kumbadilisha?" Mwamini alijibu.

Jirani yao alikuwa Mukankusi, muuza samaki. Asubuhi hiyo alipita na karai lake kichwani, akachungulia mlangoni.

"Yoo! Fundi!" alisema. "Ndege ya Madamu imeota mvi?"

"Nenda na samaki wako, Mukankusi."

"Mi naenda. Lakini mi iko na macho. Ile ndege ilikuwa manjano. Hii iko nyeupe. Watu watasema umeuzisha ile ya Madamu kule Goma, ukaokota hii porini."

"Watu gani watasema?"

"Mutu yeyote mwenye mudomo," alisema Mukankusi, akaenda zake akicheka.

Mdomo wa kwanza ulikuwa wake. Kabla ya adhuhuri, mteja aliyeleta kaptula yenye tundu alimuuliza Kadiri kama kweli ndege wa Ulaya wana bei nzuri Goma, ng'ambo ya mpaka.

Siku ya tatu Bwana Yani alifika Majengo mwenyewe, ana barua mkononi.

"Mke wangu atafika katikati ya mwezi wa tisa," alisema. "Ameuliza habari za ndege kabla ya kuuliza habari zangu." Kisha akaliona tundu, akalisogelea. "Huyu ndiye?"

"Ndiye, Bwana. Alinyonyoka, akaota hivi."

Bwana Yani alijikuna shingo. Hakuwa mtu wa kelele. Hilo lilimtisha Kadiri zaidi.

"Fundi, mimi najua kahawa na ngozi. Ndege sijui. Mke wangu anajua, mama yake alikuwa akiwafuga. Yeye ndiye atakayeamua. Akisema ni wake, vizuri. Akisema si wake, cherehani itarudi ndani ya duka, na wewe utajieleza kwa polisi."

Aliondoka. Kadiri alikaa kwenye mkeka. Miaka kumi na moja alikuwa ameshona kwenye baraza ile. Alikuwa amewashonea kanzu maharusi wa Majengo na sare wanafunzi wa misheni ya Nyundo. Hakuna aliyewahi kumwita mwizi, hata mabaki ya vitambaa aliwarudishia wenyewe. Sasa jina lake lilikuwa ndani ya tundu la waya, likirukaruka juu ya kijiti.

Jumapili duka lilifungwa. Kadiri alichukua bakuli, akakoroga manjano ya pilau katika maji ya moto. Alikuwa ametia rangi vitambaa vingi maishani mwake. Kwa nini asitie rangi manyoya? Aliokota unyoya mmoja mweupe uliokuwa umedondoka, akauchovya. Ulitoka wa njano kabisa.

"Mama Zubeda, nishikie ndege," alisema.

Mwamini alikuwa ameshatia mkono ndani ya tundu, pale hodi ilipopigwa.

Aliyeingia alikuwa Damascène Bizimana, msaidizi wa daktari wa mifugo. Alikuwa amesomea kazi hiyo chuoni, mjini Astrida. Siku za juma alipanda baiskeli kwenda vijiji vya Mudende na Nyakiriba kuwachanja ng'ombe. Siku hiyo alitoka misa, akapitia suruali yake ya kazi iliyokuwa ikiwekewa kiraka. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipenda kuuliza, na alipouliza alingoja jibu.

Alitazama bakuli. Akatazama ndege. Akatazama vidole vya fundi, vya njano mpaka kwenye kucha.

"Bon, haya," alisema. "Leo mnapika pilau ya ndege?"

Kadiri alijaribu kucheka, akashindwa. Akaeleza yote: safari ya Madamu, kunyonyoka, maneno ya Mukankusi, maneno ya Bwana Yani. Bizimana alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ukimpaka rangi, nini kitatokea?" aliuliza.

"Madamu ataona ndege wa njano."

"Kwa siku ngapi? Kanari huoga kila siku. Madamu atamwekea kisahani cha maji, na maji yatageuka manjano mbele ya macho yake. Leo wewe ni mtu anayeshukiwa. Siku hiyo utakuwa umeshikwa."

Kadiri alilisukuma bakuli kando. Mwamini alimrudisha ndege kwenye kijiti chake.

"Sasa nijibuni," Bizimana alisema. "Ndege huyu alikula nini wakati wa kunyonyoka?"

"Chakula kizuri," Mwamini alijibu haraka. "Mchele, na ulezi."

"Majani?"

"Hapana."

"Kiini cha yai?"

"Hapana. Yeye ni mgeni, bwana. Sikutaka kumlisha kama mtu wa shida."

Bizimana aliitikia kwa kichwa. Hakumcheka.

"Ulimpa heshima, mama. Lakini hukumpa rangi. Sikilizeni. Mwili wa kanari hauwezi kutengeneza rangi ya njano wenyewe. Rangi hiyo hutoka kwenye mimea. Imo ndani ya majani mabichi, imo ndani ya mahindi ya njano, imo ndani ya kiini cha yai. Ndege akila, rangi huingia katika damu. Unyoya unapoota, damu huupelekea rangi hiyo. Ndani ya mchele mweupe rangi hiyo haimo. Donc, kwa hiyo, manyoya yake yaliota bila rangi."

"Basi leo nitampa majani kikapu kizima!" Mwamini alisema, akainuka.

"Keti, mama. Majani ya leo hayatageuza manyoya haya."

"Kwa nini?"

Bizimana alimgeukia Kadiri.

"Fundi, kitambaa kilichokwisha kufumwa kwa uzi mweupe, unaweza kukifanya kuwa cha uzi mwekundu?"

"Hapana. Uzi hubadilishwa wakati wa kufuma."

"Basi unyoya ni hivyo hivyo. Ukiisha kukua, damu hukatika ndani yake. Unakuwa kitu kikavu, kama ukucha. Chakula huubadilisha unapoota tu. Ndege huyu atabaki mweupe mpaka anyonyoke tena, mwakani."

Kadiri alihesabu kwa vidole vyake vya njano. Mwakani. Madamu alikuwa anakuja baada ya majuma saba.

"Basi nimekwisha," alisema taratibu.

"Labda ndege ataimba akimwona Madamu," Mwamini alisema. "Atamtambua mama yake."

"Wimbo si ushahidi," Bizimana alijibu. "Kanari wote huimba. Ushahidi upo, lakini itabidi tuuoteshe."

Aliomba maji na sabuni. Alinawa mikono, akamtoa ndege tunduni, akamshika kifuani kwa vidole viwili kama mtu anayeshika yai bovu. Kisha, kwa kasi, aling'oa manyoya mawili ya mkia. Ndege alipiga kelele mara moja. Mwamini alifumba macho.

"Inauma," alisema Bizimana. "Msifanye jambo hili kwa mchezo, wala msiwang'oe kuku wenu manyoya ili muone rangi. Mimi nimefanya kwa sababu unyoya uliong'olewa haungoji mwaka. Huota upya katika majuma matano au sita. Nimechagua mkia kwa sababu manyoya yake ni marefu, yataonekana vizuri. Mkimlisha sawasawa sasa, hayo mawili yataota ya njano juu ya ndege mweupe. Ndege mweupe wa kuzaliwa haoti njano hata akila majani, kwa hiyo Madamu ataona kwamba ni ndege mmoja, na kwamba kosa lilikuwa la chakula."

Alitia manyoya meupe mawili ndani ya bahasha, akaandika tarehe. Kadiri akaweka sahihi, Mwamini akaweka alama ya kidole.

"Kila siku lengalenga mbichi," Bizimana alimaliza. "Kila siku kipande cha kiini cha yai kilichochemshwa, kidogo kama punje ya mahindi. Mimi naenda Mudende. Nitarudi baada ya majuma mawili."

Majuma mawili yale yalikuwa marefu. Kila asubuhi Kadiri aliinamia tundu. Mwamini alining'iniza lengalenga, ule mchicha ulioota nyuma ya nyumba. Ndege aliyatazama majani, akageuka. Alikuwa ameshashiba chenga za mchele, zilizowekwa tunduni alfajiri. Kiini cha yai alikila. Kadiri akashukuru kwa hilo. Yai lilitoka kwa kuku wao wenyewe.

Siku ya kumi, vijiti viwili vidogo vilichomoza mkiani. Siku ya kumi na tatu ncha zikafunguka.

Zilikuwa nyeupe.

Kadiri alikwenda kazini bila kunywa chai. Siku hiyo alishona mkono wa kushoto wa koti mahali pa mkono wa kulia, akafumua, akaukosea tena. Mteja wake, karani wa posta, alimwangalia.

"Fundi, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi koti langu ndilo linaloumwa."

Bizimana alirudi kesho yake, viatu vyake vimejaa vumbi la Mudende. Kadiri alimpokea mlangoni.

"Ulisema njano!" alisema bila hata salamu. "Njoo uone. Umeninyonyolea ndege, sasa nina ndege mweupe asiye na mkia!"

Mwamini aliona aibu. "Baba Zubeda, mpe mgeni kiti kwanza."

Bizimana hakukaa. Aliinama, akautazama mkia, kisha akatazama lengalenga iliyonyauka kwenye waya.

"Majani hayajaliwa," alisema. "Mchele mnampa saa ngapi?"

"Alfajiri," alijibu Mwamini.

"Akishashiba mchele, atataka majani ya nini? Na yai? Lete moja, bichi, na kisahani."

Mwamini alileta. Bizimana alilivunja. Wote watatu wakainama juu ya kisahani. Kiini kilikuwa kimepauka, karibu sawa na maziwa.

"Kuku wako wanakaa wapi, mama?"

"Bandani. Nimewafungia tangu mwezi wa sita. Walifukua maharage ya Mukankusi, akaja hapa akapiga kelele mtaa mzima ukasikia."

"Wanakula nini humo?"

"Pumba za mtama. Na maganda ya viazi."

"Basi mmeona," alisema Bizimana. "Kuku naye hatengenezi rangi ya njano. Huipata kwenye majani, kisha huitia katika kiini. Kuku asiyeona jani, kiini chake ni kama hiki. Mlimpa ndege yai, lakini rangi haikuwemo. Kosa hili ni langu pia. Nilisema yai, sikuuliza la kuku gani."

Kadiri aliinua macho kutoka kwenye kisahani. Hakuwa amezoea kusikia msomi akisema kosa ni lake.

"Tung'oe mengine?" aliuliza.

"Hapana, amekwisha kuumia. Haya mawili bado yanaota. Unyoya huanza kwa ncha. Ncha hutoka kwanza, na shina hufuata. Ncha imekwisha kutoka nyeupe, hiyo haitabadilika. Lakini tukibadilisha chakula leo, sehemu itakayofuata itakuwa na rangi. Nani hapa ana kuku wanaotembea?"

Kadiri na Mwamini walitazamana. Mtaa mzima ulijua ni nani mwenye kuku wanaotembea.

Mukankusi alikuwa akipara samaki mbele ya nyumba yake. Alimwona fundi akija, akaendelea kupara.

"Fundi mwenyewe! Leo unaleta ndege gani? Bata?"

"Nimekuja kuomba mayai, dada."

"Mayai? Bibi yako iko na kuku nane."

"Kuku wake wamefungiwa. Kwa sababu ya maharage yako."

"Aa, donc sasa ni kosa yangu!"

Kadiri alivuta pumzi. Aliweza kugombana. Alikuwa na maneno tayari, yametulia ulimini tangu siku ya mvi. Lakini alifikiria unyoya unaoota kidogo kidogo kila siku, hata siku za ugomvi.

"Mukankusi," alisema, "wewe ulisema una macho. Nakuomba uyatumie. Kila asubuhi njoo na yai moja, uone mwenyewe ndege anakula nini na anaota nini. Kama mimi ni mwizi, utaliona hilo wa kwanza."

Mukankusi aliacha kupara. Hilo hakulitarajia.

Kesho yake alikuja na yai. Mwamini alilichemsha na kulipasua. Kiini kilikuwa cha njano iliyokoza. Safari hii chakula kilipangwa upya. Alfajiri, ndege akiwa na njaa, aliwekewa kwanza lengalenga iliyokatwa vipande vidogo na kunyunyiziwa maji. Kiini kikafuata. Nafaka ilikuja saa moja baadaye. Siku ya kwanza alidonoa mara mbili tu. Siku ya nne alimaliza yote, akatafuta chini.

Mukankusi alikaa mlangoni, mkono kiunoni.

"Mi sisadiki," alimwambia Bizimana alipopita. "Kama rangi inatoka mu chakula, basi kunguru iko inakula makaa?"

Kadiri alicheka, cheko lake la kwanza tangu mwezi wa saba. Bizimana hakucheka. Aliona swali ni zuri.

"Nyeusi na kahawia ni tofauti," alijibu. "Hizo mwili wa ndege huzitengeneza wenyewe. Hata hivyo huhitaji chakula kamili. Kuku mwekundu au mweusi aliyelishwa vibaya akiwa mdogo anaweza kuota mabaka meupe. Lakini njano, na nyekundu ya ndege wengi, hutoka mdomoni. Kuna ndege wanaitwa heroe, warefu, rangi ya waridi, wanakaa kwenye maziwa ya magadi. Hula vijidudu na mimea ya majini yenye rangi. Ukiwafuga kwa nafaka tupu, manyoya mapya hupauka."

"Basi ndege yangu ya kijani pale mu muti inakula rangi ya kijani?"

"Hapana. Wengi wa kijani wana njano iliyokaa juu ya bluu, na jicho huona kijani. Bluu hata haitoki kwa chakula, hutoka kwa jinsi unyoya ulivyojengwa. Usifikiri kila rangi imeliwa."

"Bwana wa mifugo," alisema Mukankusi, "we uko na kichwa ngumu kama mawe ya volkano." Lakini kesho yake alileta mayai mawili.

Manyoya yaliendelea kuota. Siku tatu hakuna kilichoonekana. Siku ya nne Kadiri alidhani macho yanamdanganya. Alilitoa tundu nje, kwenye jua la asubuhi. Chini ya ile ncha nyeupe palikuwa na mstari. Chini ya mstari, pembeni mwa unyoya, ilianza njano.

Hakupiga kelele. Alimwita mkewe kwa mkono.

"Ni rangi ya kweli?" Mwamini aliuliza. "Hukuchovya kitu?"

"Mama Zubeda! Hata wewe?"

Mwezi wa tisa ulipoanza, manyoya mawili yalikuwa yamekamilika. Ndege alikuwa mweupe mwili mzima. Katikati ya mkia wake palikuwa na manyoya mawili yenye ncha nyeupe na shina la njano.

Hofu ya Kadiri haikuisha. Bizimana alikuwa ameeleza, naye alikuwa ameelewa. Lakini Madamu hakuwapo kwenye maelezo yale. Je, angekubali kutazama kabla ya kukasirika?

Madamu Eleni alifika siku ya Jumatano, ana miwani mipya. Hata sanduku hakulifungua. Kadiri alipeleka tundu barazani mwenyewe. Mwamini alimfuata na bahasha. Mukankusi naye alikuja, ingawa hakuna aliyemwalika, karai lake la samaki likiwa bado kichwani. Bizimana alikuwa Nyakiriba kazini, ng'ombe hawangojei.

Madamu alifunua kitambaa. Tabasamu lake likafa.

"Huyu si wangu," alisema. "Yani, huyu si wangu. Ndege wangu yuko wapi?"

Bwana Yani alimtazama Kadiri. Kisha akaitazama cherehani.

Kadiri alilisogeza tundu karibu na Madamu. Maneno yote aliyoyapanga yalitoweka. Likabaki moja tu.

"Mkia," alisema. "Madamu, kabla hujaniita mwizi, tazama mkia."

Madamu alisita. Kisha alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aliinama mpaka uso wake ukakaribia waya. Alikaa hivyo muda mrefu. Magari mawili yalipita barabarani.

"Mlimpa nini?" aliuliza mwishoni, bila kuinuka.

Mwamini alisogea mbele. Alikuwa na hofu, lakini hakuficha kitu.

"Mchele, Madamu. Majani niliyaacha, na yai sikumpa. Nilidhani namheshimu. Akanyonyoka, akaota mweupe. Kosa ni langu, si la mume wangu. Bwana wa mifugo aling'oa manyoya mawili, haya hapa, na tarehe yake. Tukambadilishia chakula kabla hayajaisha kuota."

"Mi iko shahidi," alisema Mukankusi kwa sauti. "Mayai ni yangu. Kila siku nilikuja, nikaona na macho yangu. Mi ndiye nilisema fundi ameuzisha ndege." Alishusha karai lake chini. "Nilisema bongo, uongo mutupu."

Madamu Eleni aliweka unyoya wa bahasha kwenye kiganja, akaulinganisha na mkia. Kisha alimwambia mumewe kitu kwa Kigiriki. Bwana Yani alijikuna shingo.

"Anasema mama yake alikuwa akiwanyima majani kanari waliofanya fujo," alitafsiri. "Wakapauka, naye mama akalia juma zima. Anasema ni wake."

Kadiri alikaa kwenye kiti chake cha kazi. Aliweka mkono juu ya gurudumu la cherehani. Lilikuwa baridi, na lilikuwa bado mahali pake.

"Lakini nilipaswa kuwaandikia karatasi," Madamu alimwambia Mwamini. "Nilisema kwa mdomo tu, na sikukueleza kwa nini."

Ndege alirudi kwa mwenyewe. Mwaka uliofuata, alipoanza kunyonyoka, Madamu alimtuma mtu kwa Mwamini kuomba lengalenga, kwa kuwa ya nyuma ya nyumba ile ilikuwa laini kuliko ya sokoni. Mwezi wa nane kanari alikuwa wa njano tena, tangu kichwani hadi mkiani. Manyoya mawili ya rangi mbili yalianguka pamoja na mengine. Madamu alijiwekea mmoja. Wa pili alimpa fundi, naye akauchomeka ukutani, juu ya vibiringo vya uzi.

Kuku wa Mwamini hawakuachiwa wazunguke, maana maharage ya Mukankusi yalikuwa yameota tena. Lakini kila asubuhi Mwamini aliwaning'inizia bandani fungu la majani, nao waliyarukia mpaka kikabaki kijiti. Watu wa Majengo walianza kuja kununua mayai kwake. Kabla ya kununua, walitaka avunje moja kwenye kisahani.

Siku Bizimana alipokuja kuchukua suruali nyingine, Mwamini alimpikia wali, kama mgeni anavyostahili. Pembeni mwa sinia aliweka bakuli kubwa la lengalenga.

Bizimana alitazama bakuli, akamtazama mama mwenye nyumba.

"Mama, umeamua kunilisha kama mtu wa nyumbani?"

"Kula, bwana," alisema Mwamini. "Nisije nikalaumiwa ukipauka."